UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA: SAFARI YA MIJI YA SINEMA ZA KRISMASI

Ningependa tufuatane katika safari ya mbali. Usihangaike kutafuta nauli wala pasipoti, kwani tutasafiri kwa kalamu na ramani tu. Tutazuru Chicago na New York, miji miwili mikubwa ya Marekani ambayo sisi sote tunaijua bila kuwahi kukanyaga huko. Tunaijua kwa sababu kila Krismasi, baada ya chapati na nyama, tunaketi mbele ya runinga na kutazama sinema zile zile za mwaka uliopita.

Kwanza nieleze chanzo cha makala haya. Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha yenye kichwa "Mji ambao ningependa kuuzuru." Wenzangu waliandika kuhusu Mombasa na Kisumu. Mmoja aliandika kuhusu Makka na mwingine Roma. Mimi niliandika kuhusu New York. Kwani siijui New York? Nimetazama sinema iitwayo Home Alone 2: Lost in New York mara nyingi hata naweza kuwatangulia waigizaji kusema maneno yao. Basi niliandika kurasa tatu bila kupumua. Nilieleza jinsi ningetoka katika hoteli ya kifahari, nivuke barabara mbili tatu, halafu niingie katika lile duka kubwa la vitu vya kuchezea ambalo Kevin alipewa sanamu mbili za njiwa na mzee mwenye duka.

Insha iliporudi, nilikuta mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Una hakika duka hili liko New York?"

Nilikasirika, sitaficha. Nikasema moyoni, kwani mwalimu hana runinga? Lakini swali lile lilinikwama kama mwiba wa samaki kooni. Nilianza kupekua ramani na vitabu maktabani, kisha nikaomba ruhusa ya kutumia tarakilishi za shule siku za chama. Kumbe! Duka lile haliko New York. Liko Chicago, na wala si duka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali la mwalimu katika kila sinema: una hakika? Majibu niliyoyapata ndiyo somo la leo.

MAHALI PAWILI KATIKA PICHA MOJA

Kila picha ya sinema ina mahali pawili. Kwanza kuna mahali pa hadithi, yaani pale tunapoambiwa kwamba mambo yanatendeka. Pili kuna mahali pa kamera, yaani pale watu walipoketi, wakawasha taa na kupiga picha yenyewe. Mara nyingine mahali hapa pawili ni pamoja. Mara nyingi si pamoja hata kidogo.

Kwa nini watengenezaji wa sinema wasiende tu pale hadithi inaposema? Sababu ni hizi:

(i) Nafasi. Chumba cha kawaida hakiwezi kutosha waigizaji, kamera, taa na mafundi wote. Chumba cha kuundwa unaweza kuondoa ukuta mmoja ukapata nafasi, lakini chumba cha watu huwezi kukibomoa.

(ii) Gharama. Kufunga barabara ya jiji kubwa kwa siku nyingi ni pesa. Mji wa karibu ukifanana na ule wa hadithi, unatumika huo.

(iii) Ruhusa. Mwenye jengo au mwenye jina anaweza kukataa.

(iv) Hali ya hewa. Theluji haiitwi ikaja.

Vipande vyote vikishakusanywa, mhariri wa sinema huviunga. Yeye ni kama fundi wa cherehani. Huchukua kitambaa hiki na kile, na akishona vizuri sisi hatuoni mshono, tunaona nguo tu. Kazi yetu leo ni kuigeuza nguo hiyo ndani nje tuitazame mishono yake.

KITUO CHA KWANZA: CHICAGO

Tuanze na sinema ya Home Alone iliyotoka mwaka wa 1990. Mwandishi wake ni John Hughes na mwelekezi ni Chris Columbus. Mtoto Kevin aliigizwa na Macaulay Culkin, ambaye alizaliwa Agosti 1980, kwa hivyo kamera zilipokuwa kazini mapema mwaka wa 1990 alikuwa na umri wa miaka 9. Mnajua hadithi yenyewe: familia kubwa inakimbilia uwanja wa ndege kwenda Paris kwa Krismasi, na mtoto mmoja anasahauliwa nyumbani. Wezi wawili wanakuja, naye anawatega kwa kila kitu, kuanzia rangi hadi misumari.

Nyumba ile ya matofali mekundu ni ya kweli. Iko Winnetka, kitongoji cha watu wenye uwezo kando ya Ziwa Michigan, karibu kilomita 30 kaskazini mwa katikati ya jiji la Chicago. Mgeni anaweza kufika huko kwa garimoshi. Ile nyumba ndogo ya juu ya mti hataiona, kwa maana ilijengwa kwa ajili ya sinema tu na baadaye ikaondolewa.

Je, ndani? Baadhi ya picha, kama zile za ngazi kuu, zilipigwa humo humo. Lakini vyumba vingi tunavyoviona vilijengwa upya na mafundi mahali pengine. Wapi? Hapa ndipo nilipopiga kelele maktabani nikafukuzwa: ndani ya shule! Naam, shule ya sekondari. Kulikuwa na jengo la shule huko Northfield, karibu na Winnetka, ambalo wakati huo halikuwa likitumika kwa masomo. Mafundi waliingia katika ukumbi wake wa michezo wakajenga vyumba vya nyumba ya Kevin. Je, wakumbuka nyumba ya jirani iliyofurika maji, ile ambayo Kevin anakamatiwa? Hiyo ilijengwa ndani ya kidimbwi cha kuogelea cha shule hiyo hiyo. Ukitaka nyumba ijae maji, ijenge mahali palipoundwa kushika maji. Huo ni ujanja wa kweli.

Leo wanafunzi wamerudi katika jengo lile na wanasoma humo. Fikiria, mwanafunzi wa huko anaruka na mpira pale ambapo wezi wa sinema walianguka.

Halafu kuna kanisa. Kevin anaingia kanisani usiku wa kuamkia Krismasi na kuketi na yule mzee jirani ambaye watoto wanamwogopa. Nje ya kanisa lile ni jengo moja katika kitongoji cha Wilmette. Ndani yake ni kanisa jingine kabisa, katika kitongoji cha Oak Park. Kwa hivyo mtoto anapoufungua mlango, mguu mmoja uko Wilmette na mwingine Oak Park.

Na Paris je? Mama yake Kevin anahangaika katika uwanja wa ndege wa Paris akilia apate ndege ya kumrudisha nyumbani. Ole wetu! Uwanja huo ni ule ule wa O'Hare wa Chicago, ila upande mwingine na vibao vya Kifaransa. Mama wa watu alikuwa akilia kurudi Chicago, naye yuko Chicago.

Adabu ya mgeni: Nyumba ya Winnetka ni makazi ya watu, si makumbusho. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kuuzwa kwa dola milioni 5.25, lakini mwenye kuinunua hununua nyumba tu, hanunui wageni wa kumchungulia dirishani. Sisi Waswahili tuna desturi ya hodi. Ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka. Basi anayeenda Winnetka asimame barabarani, atazame, apige picha moja, aende zake.

KITUO CHA PILI: NEW YORK KWA MIGUU

Sasa tuhame. Kutoka Chicago hadi New York ni zaidi ya kilomita 1,100, yaani zaidi ya mara mbili ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Kumbuka umbali huu, tutauhitaji baadaye.

Uzuri wa kisiwa cha Manhattan, ambacho ndicho kitovu cha New York, ni kwamba hakimpotezi mgeni. Mpango wa mwaka wa 1811 uliweka barabara kama mistari ya daftari la hesabu. Barabara za kukata mashariki hadi magharibi zina nambari: ya 34, ya 35, ya 36, na kuendelea kupanda kuelekea kaskazini. Zile ndefu za kusini hadi kaskazini huitwa avenue, na maarufu zaidi ni Fifth Avenue, yaani ya tano. Kila barabara 20 ni kama maili moja, ambayo ni kilomita 1.6. Kwa hivyo mtu akikwambia yuko barabara ya 34 nawe uko ya 59, toa 34 kutoka 59 upate 25, nawe unajua mna kilomita 2 kati yenu. Hesabu ya darasa la tano!

Sinema tatu zinaingia katika kilomita hizo mbili. Tutembee.

Barabara ya 34: Duka la Macy's. Duka hili kubwa ndilo kiini cha sinema ya Miracle on 34th Street ya mwaka wa 1947. Ni hadithi ya mzee anayeajiriwa dukani kuwa Baba Krismasi, halafu anasema yeye ndiye Baba Krismasi wa kweli, hadi kesi inafika mahakamani. Swali la sinema hiyo ni lile lile la mwalimu wangu: una hakika?

Sinema hii inanifurahisha kwa sababu mahali pa hadithi na mahali pa kamera ni pamoja. Sehemu zake zilipigwa picha ndani ya Macy's yenyewe. Tena kuna maandamano ya sikukuu ya Shukrani ambayo duka hilo huandaa kila Novemba mjini New York. Waliopiga picha hawakuunda maandamano yao. Walipeleka kamera katika maandamano halisi ya Novemba 1946. Mwigizaji Edmund Gwenn ndiye aliyekuwa Baba Krismasi wa siku hiyo, akiwapungia mkono watoto wa kweli kandokando ya barabara. Hakukuwa na nafasi ya kusema "turudie." Gwenn alitunukiwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Sinema hiyo iliigizwa upya mwaka wa 1994. Macy's walikataa jina lao lisitumiwe, kwa hivyo hadithi ikapewa duka la kubuni liitwalo Cole's. Na sehemu kubwa ya New York ya sinema hiyo ya pili ilipigwa picha wapi? Umekisia: Chicago.

Barabara ya 34 na Fifth Avenue: Empire State Building. Ukitoka Macy's tembea kidogo tu kuelekea mashariki utakutana na jengo la ghorofa 102 lililofunguliwa mwaka wa 1931. Katika sinema ya Elf ya mwaka wa 2003, baba yake Buddy anafanya kazi humo. Buddy, aliyeigizwa na Will Ferrell, ni mtu mzima aliyelelewa na wasaidizi wa Baba Krismasi huko Ncha ya Kaskazini, na sasa amekuja mjini kumtafuta baba yake. Nje tunaona jengo la kweli. Lakini sehemu nyingi za ndani za sinema hiyo zilipigwa Vancouver, nchini Kanada.

Buddy anafanya kazi katika duka la Gimbels. Gimbels lilikuwa duka la kweli, mpinzani wa Macy's jirani yake, na hata katika ile sinema ya 1947 limetajwa. Lakini lilifungwa mwaka wa 1987, miaka 16 kabla ya Elf kutoka. Mgeni akilitafuta leo ni sawa na kumtafuta marehemu sokoni.

Barabara ya 49 na 50: Mti wa Rockefeller Center. Panda Fifth Avenue kama barabara 15. Upande wa kulia utaona kanisa kuu la St. Patrick's, na upande wa kushoto majengo ya Rockefeller Center. Hapo kila mwaka huwekwa mti mkubwa wa Krismasi, kwa kawaida wenye urefu wa mita 20 hadi 30. Chini ya mti huu ndipo Kevin anapokutana na mama yake mwishoni mwa Home Alone 2.

Historia ya mti huu ni nzuri kuliko sinema. Mwaka wa 1931 Marekani ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Mahali hapo palikuwa pa ujenzi, matope matupu. Wajenzi wenyewe, watu wa mikono, waliamua kusimamisha mti wa kama mita 6 wakaupamba kwa mapambo ya kutengenezwa nyumbani. Mwaka wa 1933 ikawa sherehe rasmi. Siku hizi, sikukuu zikiisha, mti hupasuliwa mbao ambazo husaidia kujengea watu nyumba; jambo hilo lilianza mwaka wa 2007.

Barabara ya 59: Hoteli ya Plaza na daraja la Gapstow. Endelea juu barabara kumi hivi. Hoteli ya Plaza, iliyofunguliwa mwaka wa 1907, iko penye kona ya bustani ya Central Park. Hii ndiyo hoteli ambayo Kevin analala kwa kadi ya benki ya baba yake. Kevin anapouliza njia ya ukumbini, bwana mmoja mrefu anamwelekeza. Huyo ni Donald Trump, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mwenye hoteli, na baadaye akawa Rais wa Marekani.

Vuka barabara uingie Central Park, bustani yenye ukubwa wa ekari 843. Karibu tu na mlango wa kona hiyo kuna kidimbwi na daraja la mawe liitwalo Gapstow, la mwaka wa 1896. Hapo ndipo Kevin anapokutana na yule mama wa njiwa. Hapana mlinzi wala tikiti. Ni njia ya watu wote.

Umeona basi? Macy's, Empire State, mti, Plaza na daraja, vyote ni kama kilomita 3 kwa miguu. Mimi mwanafunzi wa kutwa natembea zaidi ya hapo kila asubuhi kuja shule.

DUKA LA MZEE DUNCAN

Turudi kwa wino mwekundu. Katika hadithi, duka la vitu vya kuchezea liko New York. Lakini nje yake, ule mlango mkubwa wenye tao, ni jengo liitwalo Rookery, barabara ya LaSalle, Chicago. Lilikamilika mwaka wa 1888 na ni jengo la ofisi. Ajabu ni kwamba jina lenyewe maana yake ni makazi ya ndege, kwa sababu jengo la zamani lililokuwa hapo lilijaa njiwa. Katika sinema, mzee wa duka anampa Kevin sanamu za njiwa!

Sasa kumbuka ule umbali. Kevin anatoka bustanini New York, anaingia dukani Chicago, anatoka na kurudi hotelini New York. Ni zaidi ya kilomita 2,200 kwenda na kurudi, na koti lake halikukunjamana. Mimi niliandika katika insha kwamba ningevuka barabara mbili tatu. Mwalimu alikuwa na haki ya kuniuliza.

KILICHOKUWA KWELI NA SASA HAKIPO

Kuna mahali pamoja nilipapata ambapo sikucheka. Kevin anapofika New York mara ya kwanza, anapanda juu kabisa ya jengo moja refu na kuutazama mji wote kwa furaha. Jengo lile ni mnara wa kusini wa World Trade Center. Hapo hapakuwa na ujanja wowote. Mnara ulikuwa wa kweli, wenye ghorofa 110.

Tarehe 11 Septemba 2001 minara yote miwili iliangushwa na magaidi kwa ndege zilizotekwa. Mashambulizi ya siku hiyo yaliua watu karibu 3,000. Mgeni akienda leo atakuta madimbwi mawili makubwa ya maji yanayotiririka chini, kila moja mahali mnara uliposimama, na majina ya waliokufa yameandikwa kandokando. Sisi Wakenya tunalielewa jambo hili, kwani kundi lilo hilo la magaidi lilikuwa limetupiga kabla, tarehe 7 Agosti 1998, watu zaidi ya 200 wakafa Nairobi. Pale nasi tuna bustani ya kumbukumbu yenye majina.

Kwa hivyo sinema inaweza kufanya mambo mawili yanayopingana. Inaweza kukuonyesha kitu ambacho hakikuwahi kuwapo, kama duka la Duncan. Na inaweza kukuwekea kitu kilichokuwapo na ambacho hakitarudi. Aliyepiga picha ile mwaka wa 1991 au 1992 hakujua kwamba anaweka kumbukumbu. Alidhani anapiga sinema ya kuchekesha watoto.

NA THELUJI JE?

Wengi wetu hatujawahi kugusa theluji ila ile ya ndani ya friji. Hata ya sinema mara nyingi si theluji. Mfano bora ni sinema ya zamani ya It's a Wonderful Life ya mwaka wa 1946, iliyoelekezwa na Frank Capra. Mji wake ulijengwa mzima katika shamba la kampuni ya sinema huko California, na picha zikapigwa wakati wa kiangazi, jua kali, huku waigizaji wamevaa makoti mazito.

Zamani theluji ya sinema ilikuwa konfleksi zilizopakwa rangi nyeupe. Tatizo ni kwamba ukizikanyaga zinalia kwarakwara, na sauti za waigizaji zilipaswa kurekodiwa upya baadaye. Mafundi wa Capra walichanganya dawa ya povu la kuzimia moto, sabuni na maji, wakaipuliza kwa upepo wa mashine. Ikaanguka polepole, kimya, na sauti zikanaswa papo hapo. Mafundi hao walipewa tuzo ya ufundi na wenye Oscar. Povu la sabuni, msomaji! Nasi huku tunaliangalia tukijifunika blanketi.

JE, TUMEDANGANYWA?

Nilipomaliza utafiti huu nilijiona profesa. Krismasi ilipofika nikaketi na dada yangu mdogo, wa darasa la nne, kutazama Home Alone 2. Kila picha nilikuwa na la kusema. "Hapo ni Chicago." "Hilo si duka." Dada yangu alivumilia, akavumilia, mwishowe akasema, "Wewe nyamaza bwana, niache nitazame!" Nikanyamaza. Nilimwona ameacha kucheka, na nikajua ni mimi niliyemharibia.

Tulifika mwisho, Kevin amesimama mbele ya mti anaomba amwone mama yake. Dada yangu hakunitazama. Aliuliza taratibu, "Na mti? Pia ni wa uongo?"

Nikamwambia, "La, mti ni wa kweli. Uko pale pale New York, na wa kwanza waliuweka wajenzi." Akasema, "Sawa." Tukatazama mama na mtoto wakikumbatiana, wala sikuongeza neno.

Nimelifikiria sana swali lake. Sidhani sinema imetudanganya. Uongo ni kumwambia mtu jambo ili umnyang'anye kitu. Sinema ni hadithi, na bibi zetu walipotuhadithia juu ya sungura na fisi hatukuwapeleka polisi. Anayedanganyika ni yule anayetazama hadithi akaifanya ramani, kama nilivyofanya mimi. Wengine hufanya kosa kubwa kuliko langu. Wanaona nyumba ya Kevin wanasema Marekani wote wanaishi hivyo, kwa hivyo nchi yetu haina maana. Wangejua kwamba vyumba vile vilijengwa na maseremala katika ukumbi wa shule, na kwamba nyumba yenyewe wengi wa Wamarekani hawaimudu, labda wasingesema hivyo.

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Zamani nilidhani methali hii inasema "usishangae." Sasa naona inasema "mshangae aliyeunda." Mimi leo nashangaa zaidi kuliko zamani, kwa kuwa namwona fundi aliyejenga nyumba ndani ya kidimbwi na yule aliyefikiria sabuni.

Insha ile niliiandika upya bila kuombwa. Safari hii nilitoka Macy's nikatembea hadi daraja la Gapstow, barabara kwa barabara. Duka la mzee Duncan nililiacha Chicago kwenye makazi yake. Mwalimu aliandika kwa wino ule ule mwekundu: "Sasa una hakika. Iandikie jarida." Nami nimetii.

MASWALI YA KUFIKIRIA

1. Eleza tofauti kati ya mahali pa hadithi na mahali pa kamera. Toa mfano mmoja ambapo ni pamoja na mmoja ambapo si pamoja.

2. Uko mbele ya Macy's, barabara ya 34. Rafiki yako anakungoja penye mti, barabara ya 49. Mna umbali gani kati yenu?

3. Kwa nini nyumba iliyofurika ilijengwa ndani ya kidimbwi cha kuogelea?

4. "Mwenye kujua ujanja wa sinema hupoteza raha ya kuitazama." Jadili. (Dada yangu ana jibu lake tayari.)

5. Ikiwa sinema ya Krismasi ingepigwa picha katika mtaa wenu, ungechagua mahali gani patano? Taja sababu, na useme ni nani ungempigia hodi kwanza.

Kwaheri ya kuonana, msomaji. Mkifika New York kabla yangu, mnisalimie daraja.